Nielekeze Njia ya Kwenu

Ukishaanza kumwingizia mtu ganzi shingoni, usimuulize anajisikiaje. Atakuambia nzuri. Huku kwetu mtu akiulizwa habari hujibu nzuri kwanza, ndipo aseme kwamba nyumba imeungua. Niliwahi kumuuliza mama mmoja habari za nyumbani akanijibu, "Nzuri tu, Sista. Jana tumezika." Sasa mtu wa namna hiyo ukimlaza mezani, ukamchoma sindano karibu na mishipa mikubwa ya damu, halafu ukategemea yeye ndiye akuambie kwamba dawa inamwendea vibaya, utasubiri sana. Ataishiwa pumzi huku anakuambia nzuri.

Ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi ya usingizi mna mashine nzuri kuliko tulizokuwa nazo, na sina cha kuwafundisha kuhusu mashine. Mimi nimestaafu. Niko Buswelu na kuku wangu, na asubuhi nikiamka huwa nawahi kuvaa halafu nakumbuka sina pa kuwahi. Ninaandika kwa sababu Daktari Neema, niliyefanya naye kazi miaka yangu ya mwisho, alikuja kunitembelea akasema, "Mama, yale mambo ya Mzee Lushinge yaandike, usije ukaondoka nayo." Ana adabu sana Neema, ila ana haraka ya kunizika.

Niseme kwanza mimi ni mtu gani, ili msije mkadhani nilizaliwa na mikono tulivu. Nilihitimu nikiwa mwoga. Jambo ambalo wenzangu walilifikiria mara moja, mimi nililifikiria mara saba, na ya nane nilikuwa njiani kurudi kuhakikisha. Nilikuwa naandika jina la dawa pande zote mbili za bomba la sindano, kwa hofu kwamba nitalishika kwa upande usio na jina. Nilimuuliza mgonjwa jina lake wodini, mlangoni, mezani, na tena kabla ya kumchoma. Mzee mmoja wa Magu alinitazama kwa huruma akasema, "Binti, umesahau tena? Mimi ni yule yule." Nilikuja Mwanza kutoka Majita, nikiwa na cheti kipya, na wiki ya kwanza nilishaandika barua ya kuomba kurudishwa wodini. Niliibeba mfukoni mwa sare.

Aliyeniokoa na barua ile ni Mzee Lushinge.

Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wetu wa usingizi. Mtu mrefu, mkavu, anayekohoa asubuhi kwa sababu ujana wake aliugua kifua kikuu na pafu la kulia halikuwahi kupona sawasawa. Alitembea polepole, akaongea polepole, na katika thieta ya upasuaji yenye kelele za vyuma yeye peke yake alikuwa kama mtu aliyekaa nje ya nyumba yake jioni. Siku ya pili yangu aliniona nikiitazama saa, mara dripu, mara kidole cha mgonjwa, mara saa tena. Akaniuliza, "Unaogopa nini?"

Nikamwambia, "Naogopa kutokujua kama mtu anaharibikiwa."

"Basi umekuja mahali pake," akasema. "Wasioogopa hilo ndio ninaowarudisha wodini."

Sasa niwaambie kuhusu mtulinga. Ni mfupa mwembamba unaotoka chini ya koo kwenda begani, ule unaoonekana kwa mtu aliyekonda. Ukianguka na pikipiki ukatua kwa bega, ndio unaokatika. Zamani tuliwapata wachache, aliyeanguka kwenye mti, aliyepigwa teke na ng'ombe. Zilipokuja bodaboda tukawapata kila wiki. Wengi hawahitaji kupasuliwa, hufungwa kitambaa cha kubeba mkono wakarudi nyumbani. Lakini wapo ambao kipande cha mfupa kinasimama na kuinua ngozi kama kigingi chini ya hema, na hao lazima wapelekwe mezani kufungwa chuma na parafujo.

Njia rahisi ni nusu kaputi: unamlaza mtu, unashika pumzi yake kwa mashine, unamwamsha baadaye. Ila wako watu ambao ukiwalaza hujui kama utawaamsha, wenye vifua vibovu na mioyo iliyochoka. Hao tuliwapa ganzi. Mtulinga una shida yake, kwa sababu haupati hisia mahali pamoja. Ngozi iliyo juu yake inahisi kwa neva za shingoni, na mfupa wenyewe unachukua nyingine kutoka kwenye fungu linaloshuka kwenda mkononi. Ukiziba upande mmoja ukasahau wa pili, daktari wa mifupa akigusa kwa kisu, mgonjwa anakaa kitako mezani. Nimeona.

Enzi zetu neva hatukuziona. Tuliingiza sindano kati ya misuli ya shingo tukamuuliza mgonjwa, "Umeme umepita?" Akisema umepita, tunamuuliza mpaka wapi. Akisema begani, tunasukuma dawa. Baadaye kikaja kidude cha umeme kinachofanya mkono uruke wenyewe ukiikaribia neva. Mgonjwa mmoja wa Kirumba aliuona mkono wake unaruka akatuomba tumwite mchungaji. Leo mna ultrasaundi, mnaona neva kwenye kioo, punje nyeusi zilizopangana moja juu ya nyingine, na sindano inakuja taratibu kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Ninyi mmebarikiwa. Lakini kioo kinakuonyesha sindano ilipo. Hakikuonyeshi mtu alipo.

Ndiyo maana Mzee Lushinge alikuwa na utaratibu wake. Akianza kusukuma dawa, kidogo kidogo, huku kila mara akivuta bomba nyuma kuangalia kama damu inarudi, alimwinamia mgonjwa akamwambia, "Nielekeze njia ya kwenu. Nimetoka hapa getini, nafikaje?"

Mwanzoni nilidhani ni mazungumzo ya kumtuliza mtu. Akanieleza tukinywa chai. Mtu anaweza kukudanganya kwa heshima kwamba yuko salama, lakini hawezi kukuelekeza njia kwa heshima. Njia ama anaijua ama haijui. Dawa ikiingia kwenye damu inapanda kichwani, midomo inakufa ganzi, masikio yanavuma, na kabla ya degedege maneno yanaanza kupotea. Mtu anayekuelekeza nyumbani kwake akaruka daraja analolipita kila siku, acha kusukuma. Akirudia kona ile ile mara mbili, acha. Sauti ikikwaruza kidogo, usihangaike, hiyo ni neva ya koo imeguswa na ganzi, itarudi. Lakini sentensi zikianza kuwa fupi, mtu aliyekuwa anasema maneno kumi kwa pumzi moja akawa anasema matatu, hapo ni kifua.

"Na ukiwa na shaka," aliniambia, "mrudishe. Mwambie aianze njia kutoka mwisho. Aliyechanganyikiwa hawezi kurudi."

Hilo la kifua nililijua vizuri kwa makosa yangu mwenyewe. Mjue kwamba dawa ukiiweka katikati ya ile misuli ya shingo, karibu kila mara inamwagikia neva inayokwenda kwenye ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, unaovuta pumzi. Upande mmoja wa msuli unalala. Mtu mzima mwenye mapafu mawili hata hajui. Mwenye pafu moja na nusu anajua.

Nilikuwa na miaka kama mitatu kazini. Kaletwa mchimba dhahabu kutoka upande wa Geita, kijana mwenye mabega mapana, mtulinga wa kushoto umekatika. Nikasoma faili lake mara nne. Faili lilisema hana tatizo la kifua. Nikamuuliza mwenyewe, "Kifua vipi?" Akasema, "Kizuri, Sista." Nikaandika kizuri. Mimi, niliyekuwa nauliza jina mara nne, neno hilo moja nililipokea mara moja, kwa sababu lilifanana na faili. Sikumuuliza amekaa shimoni miaka mingapi akivuta vumbi la mawe. Sikumuuliza akipanda mlima anapumzika mara ngapi.

Nikasukuma dawa huku ananielekeza kwao. Alikuwa ananipeleka vizuri, mnadani, zahanati, kona ya mashine ya kusaga. Nikajisikia fundi. Mzee Lushinge alikuwa upande wa pili wa chumba, ametugeuzia mgongo, anapanga dawa zake kabatini. Nikamsikia anasema bila kugeuka, "Nyangeta, mtu wako anapanda mlima?"

"Hapana, mzee. Yuko tambarare, anaelekea shuleni."

"Mbona anahema kama yuko mlimani?"

Nikasikiliza. "Napita. Shule. Nakata. Kulia." Nilikuwa nasikiliza njia, sikumsikiliza anayeipita.

Tukamkalisha, tukamwekea oksijeni, upasuaji ukaahirishwa. Hakuna kingine cha kufanya ila kukaa na mtu mpaka ganzi iishe, na ganzi haiishi kwa kuombwa. Mzee Lushinge alivuta kiti akakaa mbele ya yule kijana, akamshika kiganja, akawa anahema naye. Anavuta, kijana anavuta. Anashusha, kijana anashusha. Na pafu lake lile lile bovu. Walikwenda hivyo saa mbili na zaidi, mzee anakohoa anaendelea, mpaka kijana akasema kwa sentensi moja ndefu, "Mzee, naomba kujua huyu dada ana kinyongo gani na mimi."

Watu wakacheka. Mimi nilitoka nje nikaitoa ile barua mfukoni, ilikuwa imeshakuwa laini kama kitambaa. Mzee akanikuta kwenye ngazi. Akaisoma yote, akanirudishia. "Umekosea tahajia ya jina langu," akasema. "Kaandike upya." Sikuandika.

Baada ya hapo nilikaa naye miaka mingi, mpaka akastaafu, na baada yake nikakaa kwenye kiti chake. Nikawauliza watu njia zao. Nawaambia ukweli, kitu ninachokitamani leo si mshahara wala cheo, ni zile sauti. Nimeelekezwa Ukerewe mpaka mlangoni mwa watu. Nimepelekwa Misungwi, Nansio, Bunda, Kome, mahali ambapo sijawahi kukanyaga, na ninajua pa kukunja na mbwa wa nani ni mkali. Mwanamke mmoja wa Igombe alinielekeza kwao huku analia, nikadhani ni maumivu, kumbe ameolewa mbali na hajarudi miaka sita. Sasa nimekaa Buswelu na njia zote hizo kichwani, na mtu wa kuniambia "halafu unakata kushoto" hayupo.

Lakini njia ya Mzee Lushinge sikuijua. Yeye ndiye aliyekuwa anauliza. Nilijua anakaa Kirumba, nimekula kwake mara nyingi, mkewe akiwa hai na baada ya mkewe. Haikunijia kwamba kuna cha kuuliza zaidi.

Miaka mitatu kabla sijastaafu, wakaniita mapokezi. Mzee Lushinge amekaa kwenye kitanda, ameshika mkono wake wa kushoto kama mtoto wa mtu mwingine. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini na tano. Bodaboda ilikuwa imemwangusha kwenye mtaro karibu na Mwaloni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Usinitazame hivyo, sijafa. Tazama mfupa."

Nikautazama. Kigingi chini ya hema, na ngozi juu yake imeanza kuwa nyeupe. Daktari wa mifupa akasema hawezi kusubiri, ngozi ikipasuka mfupa utaingia uchafu. Nikaiangalia picha ya kifua. Pafu la kulia lilikuwa limesinyaa zaidi, kama kitambaa kilichokamuliwa. Akilazwa nusu kaputi, kumwachisha mashine kungekuwa bahati nasibu. Na nikimpa ganzi ya shingo kama alivyonifundisha, upande wa kushoto, nitaulaza msuli wa pafu pekee linalomfanyia kazi. Nilikaa chini.

Daktari Neema ndiye aliyesema, "Mama, tusiende shingoni kwenye lile fungu. Tuweke dawa kwenye mfupa wenyewe." Ilikuwa njia mpya. Unaingiza dawa juu ya mtulinga, chini ya utando unaoufunika, kila upande wa mahali ulipovunjika, halafu unaongeza kidogo chini ya ngozi ya shingo kwa ajili ya zile neva za juu. Pumzi haiguswi. Tulikuwa tumeifanya mara chache, kwa vijana. Hatukuwahi kuifanya kwa mtu ambaye tukishindwa hatuna njia ya pili.

Nikamweleza mzee. Akasikiliza yote. "Hii mimi siijui," akasema.

"Najua, mzee."

"Basi utanifundisha nikiwa nimelala."

Upasuaji ulipangwa kesho yake asubuhi. Sasa tazameni mtu anayefikiria sana anafanya nini. Jioni ile, nilipotoka kazini, niliteremka kwa miguu kutoka geti la hospitali mpaka mlangoni kwake Kirumba, na karatasi mkononi. Nikaandika kila kitu kwa mpangilio: darajani, kwa fundi cherehani mwenye mguu mmoja, ukuta wa uwanja wa mpira, duka la nyavu, kona ya wauza dagaa, mlango wa bluu. Kwa sababu nilijua nitamuuliza njia, na nilitaka akiruka hata fundi cherehani niwe wa kwanza kujua. Usiku nikaikariri. Asubuhi nikaibandika karatasi nyuma ya mashine ya usingizi, mahali nitakapoiona mimi peke yangu.

Mezani akanishika vidole. "Mikono ya baridi."

"Ni hewa ya humu, mzee."

"Ni woga. Vizuri. Endelea."

Neema alishika ultrasaundi, mimi nikashika sindano. Nikaanza upande wa nje wa mfupa. Kioo kikaonyesha dawa inatambaa juu ya mfupa kama maji juu ya sakafu, pale pale tulipotaka. Nikavuta bomba nyuma, hakuna damu. Nikamwambia, "Haya, mzee. Nielekeze njia ya kwenu."

Akatabasamu, akiangalia dari.

"Unashuka feri, Kamanga," akasema.

Nikaangalia karatasi yangu. Kamanga iko ng'ambo ya maji, Sengerema. Haikuwa kwenye karatasi.

"Usipande gari," akaendelea. "Unapita kushoto, penye wanawake wanaoanika dagaa mchangani. Unawasalimia, mmoja ni shangazi. Mbele kuna jiwe kubwa limebeba jiwe dogo, kama mama amembeba mtoto mgongoni. Hapo unaiacha barabara. Unafuata uzio wa minyaa mpaka kisimani. Pale unakunywa, hata kama huna kiu. Ukiinua kichwa nyumba unaiona. Mama amekaa mlangoni anapepeta. Ananiambia nimechelewa, viazi vimepoa."

Mkono wangu ukasimama.

"Mama, bado nusu," Neema akaninong'oneza.

"Subiri."

Mama wa mtu mwenye miaka sabini na tano hapepeti mlangoni. Mzee anakaa Kirumba, ana mlango wa bluu, na alikuwa amenipeleka mahali pengine kabisa na kunikutanisha na marehemu. Mapigo ya moyo yalikuwa sawa. Oksijeni ilikuwa sawa. Dawa niliyotia ilikuwa ndogo. Lakini mtu anayepoteza njia, acha kusukuma. Ni yeye aliyenifundisha. Na nikiacha hapo, nusu ya mfupa itabaki na hisia, kisu kitagusa, itabidi alazwe, na akilazwa hatujui. Nikiendelea na kumbe dawa imeshapanda kichwani, itakayofuata ni degedege. Dawa ya mafuta inayotumika kumwokoa mtu ambaye ganzi imemwingia kwenye damu ilikuwa mezani, nilishaiweka nikaihakikisha mara tano. Neema alikuwa ananitazama mimi, si kioo.

Nikasema, "Mzee. Rudi. Toka mlangoni mpaka feri."

Akageuza macho akanitazama. Akaanza, taratibu, bila kukosa hata kimoja. Kisima. Minyaa. Jiwe na jiwe. Wanawake wa dagaa. Feri. Kila sentensi kwa pumzi moja.

"Hiyo ya kurudisha nilikufundisha mimi," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Umefanya sawa."

"Na mama?"

"Mama nilimzika kabla sijakujua. Nyumba nayo ilianguka." Akarudisha macho darini. "Nyangeta, umeniuliza njia ya kwetu. Hukuniuliza ninapolala. Sasa sukuma dawa, upande wa ndani bado nausikia."

Nikasukuma. Tukamaliza upande wa ndani, tukamaliza ngozi ya shingo. Daktari wa mifupa akamfinya kwa kibano, hakutikisika. Ile kazi ilichukua saa moja na nusu na mzee alipumua muda wote kwa kifua chake mwenyewe, macho wazi. Akasikiliza parafujo zinavyokazwa mwilini mwake, na kwenye ya tatu akasema, "Hiyo umeizidisha kidogo," na daktari akailegeza kidogo, kwa heshima. Ile karatasi ya Kirumba niliibandua nikaitia mfukoni, mfuko ule ule wa zamani.

Alipona. Alinyanyua mkono juu ya kichwa baada ya miezi michache akaja hospitalini kunionyesha. Nikamwambia siku moja tupande feri twende, anionyeshe lile jiwe. Akacheka. "Kwenda kumsalimia nani? Nimeshakupeleka mara moja, na hukulipa nauli." Kila nilipomkumbusha alinijibu hivyo. Mimi nilikuwa na zamu, na yeye alikuwa na kikohozi, na mwaka ukaisha, na mwingine. Alifariki usingizini, Kirumba. Watoto wake wakamzika huku huku mjini, kwa sababu ng'ambo hakukuwa na shamba lao tena wala mtu wa kuwapokea. Nilisimama kaburini nikawa naangalia upande wa maji.

Nilipostaafu watu waliniuliza nitafanya nini. Nikasema nitafuga kuku. Lakini wiki ya kwanza, kabla ya kuku, nilipanda feri. Siku hizi wengi wanapita darajani Busisi. Njia niliyoelekezwa mimi ilianzia feri.

Nilishuka Kamanga. Sikupanda gari. Kushoto walikuwepo wanawake wanaanika dagaa, si wale, labda wajukuu wa wale, nikawasalimia wote kwa sababu sikujua shangazi angekuwa yupi. Jiwe lilikuwepo, na mtoto wake mgongoni. Minyaa ilikuwa imekatwa sehemu sehemu lakini iliniongoza. Kisimani sasa kuna pampu ya mkono. Nikapampu, nikanywa, sikuwa na kiu. Nikainua kichwa.

Ilikuwa mihogo. Shamba zuri, limepaliliwa, linateremka mpaka karibu na ziwa. Mahali pa nyumba palikuwa pameinuka kidogo tu, kama kitanda kilichotandikwa. Mama mmoja wa makamo alikuwa analima, akaweka jembe chini akanijia, anafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu. Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu. Nilielekezwa njia."

"Umepotea?"

"Hapana," nikamwambia. "Nimefika."

Akanitazama, halafu, kwa kuwa mimi ni mgeni na nimetoka mbali, akaniuliza kama inavyotakiwa, "Habari za mjini?"

"Nzuri," nikasema. Nikavuta pumzi, nikashusha. "Nzuri tu. Lakini yule mtoto wa hapa, Lushinge, tumemzika."